Kwa Nini Mahubiri Husubiri Mtoto Akilia

Palikuwa na wakati, huko milimani Upare, ambapo kina mama wenye watoto wachanga walisali nje. Wazee wa kanisa waliamini kwamba Mungu husikiliza palipo kimya. Basi kina mama waliketi kwenye nyasi chini ya dirisha, wakipata neno moja na kukosa mawili.

Namsifu aliketi nao, ingawa mwanawe hakuwahi kumsumbua mtu. Tangu azaliwe, mtoto huyo hakulia. Alifungua mdomo, uso ukakunjamana, sauti isitoke. Miezi minne ikapita hivyo.

"Wenzako hatulali, wewe unalalamika," wifi yake Nakijwa alimtania.

Namsifu alicheka kidogo, kisha akamwinamia mtoto asikie kama anapumua.

Asubuhi moja, akichambua maharage uani, aliona maono. Mkeka mpana ulitandikwa mbele ya madhabahu, watoto wamelala juu yake, wote wanalia, na wake yumo. Maono hayo yakamjia tena siku ya pili na ya tatu. Kusema aliona haya, ila kusuka aliweza. Kwa wiki kadhaa alisuka ukili wa mkeka kama ule, Nakijwa akimshonea. Jumapili mkeka ulipokwisha, aliubeba kichwani, akaingia kanisani mtoto mgongoni, akautandika mbele ya madhabahu.

Mzee Ndekirwa, aliyeongoza ibada, alimtazama. "Mwanangu, umepotea njia?"

"Hapana, baba. Nimeonyeshwa watoto wamelala hapa, wote wanalia."

"Na aliyekuonyesha alisema mimi nitasikika?"

"Hakusema, baba."

Watu wakacheka, hata mzee. "Basi keti. Wako hana kelele."

Waliokuwa nje walipoona hivyo wakaingia, Nakijwa akitangulia. Watoto saba wakalazwa mkekani. Mmoja akaanza kulia, mwingine akamfuata, mpaka wakawa sita. Mzee akanyanyua mkono kuwatoa nje kama alivyozoea. Hapo ikasikika sauti ya saba, nyembamba, ya kukwaruza, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.

Namsifu hakumbeba mara moja. Alisikiliza kwanza.

Mkono wa mzee ukashuka. "Mwacheni alie," alisema, akafunga kitabu.

"Sasa na wewe hutalala, wifi," Nakijwa akamnong'oneza, machozi yakimtiririka.

"Na nisilale," Namsifu alijibu.

Habari zikafika vijiji vya jirani. Kina mama wakaja, na kila aliyerudi kwao alikata kipande cha ukili pembeni mwa mkeka ule, akakishona kwenye mkeka mpya. Ulipotandikwa, hata kama ni kwenye banda la mbuzi, ibada ikaanza. Hivyo ndivyo ibada hiyo, iliyoitwa Huduma ya Mkeka, ilivyoenea mlima mzima, na Namsifu aliitembelea kote, akisema kwa sauti ya chini, bado mwenye haya.

Na kuanzia Jumapili hiyo mpaka leo, mtoto akilia katika nyumba zao za ibada, mhubiri hufunga kitabu akangoja. Wageni hutazamana. Wenyeji hushusha pumzi.