Tundu la Ghala la Mfalme Nyati

Wangu, mko?

Tuko!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi yafungueni, maana hadithi hii hunipandisha hasira kila ninapoisimulia.

Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa na mfalme wao, Nyati. Mtama wa kula waliuweka kwenye ghala la wote. Lakini mbegu, kila mmoja aliitundika kwake, juu ya jiko, moshi uikinge na wadudu. Ndiyo ilikuwa desturi.

Mwaka huo Mfalme Nyati akatangaza, "Mbegu nazo zileteni ghalani. Nitawatunzia." Wakapeleka, wajinga wale! Hata Bi Digidigi, mjane mwenye watoto wawili, akaitungua mbegu yake akaipeleka.

Haukupita mwezi, Bi Digidigi akaona tundu kwenye ukuta wa ghala. Tundu dogo, la kupita panya mmoja. Panya Buku alikuwa akiingia kila siku, anachukua kiganja kimoja, anatoka. Bi Digidigi akachota udongo, akaenda kwa mfalme, akaimba:

*Mfalme, nipe ruhusa,*
*tundu dogo nilizibe,*
*udongo ninao mkononi.*

Mfalme akacheka. "Mama wee, kazi ya serikali haifanywi kwa udongo wa mkononi. Nitaweka Mlinzi wa Tundu."

Akamweka Ngiri. Posho yake, kikapu cha mtama kila siku. Panya anakula kiganja, mlinzi wake anakula kikapu! Na akishashiba analala, Panya anampita hapo hapo puani.

Mtama ukapungua mbio. Bi Digidigi akachota udongo tena, akarudi. Imbeni nami:

*Mfalme, nipe ruhusa,*
*tundu dogo nilizibe,*
*udongo ninao mkononi.*

Mfalme akasema, "Mtama unapotea kwa sababu wakubwa ni wachache. Tukiongeza wakubwa, matumizi yatapungua."

Mmelisikia hilo? Na wanyama wakapiga makofi!

Akamweka Nyani awe Msimamizi wa Mlinzi. Vikapu viwili kwa siku, na cha tatu cha mkewe, eti anamngoja mume nyumbani.

Mara ya tatu Bi Digidigi akaja mbio, udongo unamdondoka vidoleni. Hata wimbo hakuumaliza. Mfalme akamkatiza, "Nimeshaunda Tume ya Kuchunguza Kupungua kwa Mtama. Mwenyekiti ni Fisi."

Fisi akaja na shemeji zake sita. Wakahamia ndani ya ghala, ili wachunguze kwa karibu. Wakachunguza kwa meno.

Siku moja mawingu yakatanda. Bi Digidigi akaenda kuchukua mbegu yake. Ghala tupu! Hata pumba zimelambwa.

"Mama, tutapanda nini?" watoto wakamwuliza.

Mvua ile ikipita hajapanda, kiangazi kingewamaliza wanawe.

Akaenda kwa Panya, nyuma ya kichuguu, analia kwa hasira. "Buku, mwizi wewe! Umewamalizia wanangu mbegu!"

Panya akatoa kichwa. "Mimi, mama? Mimi nilihama siku ile alipoingia Fisi. Ningekula nini mle? Wale wanalinda tundu lisilopita mtu."

Akazama shimoni, akatoka na kibuyu kilichojaa. "Hii hapa. Ilinukia moshi, nikajua ni mbegu, nikaiweka kando. Mimi ni mwizi, sikatai. Lakini mbegu sili."

Bi Digidigi akakipeleka kibuyu barazani, akaeleza yote mbele ya mfalme. Wanyama wakanguruma, "Hawa watu waondolewe! Leo hii!"

Mfalme Nyati akakohoa. "Nimewasikia, wananchi wangu. Nitaunda tume ya kuwaondoa."

Wanyama wakampa kisogo. Wakapanga mstari kwa Bi Digidigi, kila mmoja akapewa mbegu kidogo, akaenda shambani kwake. Mvua ikanyesha, mtama ukaota, watoto wa Digidigi wakala. Wakajenga ghala jingine, dogo, wakalikandika wenyewe kwa mikono, na mbegu zikarudi juu ya jiko.

Mfalme akabaki na wakubwa wake kwenye ghala tupu. Ngiri akilitazama tundu, Nyani akimtazama Ngiri, Fisi akimtazama Nyani. Njaa ilipozidi, Fisi akaanza kuyatazama mapaja ya Ngiri.

Na funzo ni hili, wangu: kitu cha wote kikitoboka, kizibeni mapema, kwa mikono yenu. Na anayewaambia ataongeza walaji ili chakula kibaki, mtazameni tumbo.

Hadithi nimeitua. Aliyeipenda aibebe. Aliyeudhika nayo, huyo ndiye niliyemsimulia.