Kiti cha Mama Sifuni

Isome taratibu, kisha mpelekee yule mtu wako wa "bado kidogo."

Fundi Mbilinyi wa Ludewa alikuwa bingwa wa makabati. Kabati lake ungeweza kulitumia kama kioo, ukachana nywele. Uzeeni akaanza kuunda ndege ya mbao, yenye viti viwili, uani kwake. Watu walicheka wakashika mbavu. Lakini mwenyewe alikuwa na sababu: mkewe, Mama Sifuni, alizaliwa kule chini ziwani Nyasa, na nyonga zake zilishaikataa barabara ya milima. Alitamani kuliona kaburi la mama yake, hata kwa juu tu.

"Nitakupeleka mimi," fundi alimwahidi.

Ndege ikakamilika. Injini ilipowaka, kuku walihama mtaa. Mama Sifuni akajifunga kitenge kipya.

"Twende, Baba Sifuni."

"Na huu mlango? Huuoni uwazi huo? Kidole kinapita!"

"Kwani kidole ndicho kinachosafiri?"

Hakumsikia. Akajaza puti, akapiga msasa, akapaka vanishi. Mlango ulipopendeza, bawa likaonekana kama ndugu maskini. Nalo akalipaka. Kisha mkia. Kisha mlango tena.

"Fundi, hiyo ni ndege au kabati la bibi harusi?" jirani alimtania.

"Bado tabaka moja tu," alijibu. Mkewe naye alipewa jibu hilohilo, mwaka baada ya mwaka.

Mwishowe akaja mkaguzi wa ndege na mizani yake. Akajiona kwenye bawa, akanyoosha tai.

"Mzee wangu, sijapata kuona ndege nzuri hivi." Akaipima. Akapima tena. "Ila hii puti na vanishi ni mzigo. Ni kama mtu mzima amelala humu. Itaruka na mtu mmoja tu."

Fundi alicheka, akidhani ni utani. Mkaguzi hakucheka.

Mama Sifuni akapitisha kiganja kwenye bawa. "Kumbe nilishapanda zamani, mume wangu. Mimi ndiye huyu hapa."

Kulipokucha fundi akaanza kukwangua. Kabla hajaifikia mbao, Mama Sifuni alipelekwa kwao kwa barabara ileile ya milima, akazikwa kando ya mama yake, kama alivyoomba.

Jeneza alilitengeneza fundi mwenyewe. Halikuwa na vanishi. Kwenye kifuniko palikuwa na uwazi, kidole kinapita. Aliuona, akauacha.

Funzo: Anayekupenda hangoji chombo king'ae, anangoja umwambie, "Twende."