Kiti cha Mpingo cha Gavana wa Rasini

Katika mji wa Rasini alitawala Sultani Jabiri bin Fadhluni, na kutawala kwenyewe kulikuwa kwa jina tu, maana wageni walikwisha kuja na mizinga yao na kumweka Gavana, na Gavana ndiye aliyeamuru na Sultani akatia muhuri. Siku moja Gavana akatangaza kwamba raia watapewa kiti kimoja barazani, kiti cha mpingo chenye nakshi za dhahabu, wamchague wamtakaye awasemee. Watu wakaguna, "Huyu tangu lini akatupa kitu bure?"

Na wallahi hawakukosea! Waliingia wasemaji watatu, wanaume wenye ndimi kali, na kila aliyeketi alitoka akiitikia "Ndiyo, Bwana," hata mkewe akimwuliza habari za mchuzi.

Wa nne akachaguliwa Shekue, mshona kofia, akatetee kisima cha Bondeni, kisima pekee chenye maji matamu, ambacho Gavana alikitaka kwa bustani yake. Maalim Bakathiri, baba wa mchumba wake, akamwambia, "Ukirudi na ndiyo ile, Mwanakheri humpati." Shekue akaenda barazani.

"Karibu, keti," akasema Gavana, na tabasamu lile Shekue hakulipenda hata kidogo. Akatazama dirishani, akawaona wazee wa mji wamesimama uani juani.

"Bwana, kwetu mtu haketi ilhali wazee wake wamesimama."

"Keti! Ni amri!"

"Basi nao waletewe viti."

"Kiti ni kimoja."

"Basi nami nitasimama."

Mara kiti kikatetemeka na moshi ukafuka, akatoka jini mrefu hadi darini, akasema, "Ewe mwungwana, nilifungwa humu nimeze ulimi wa kila aketiye, asiweze tena kukataa neno, na atakayekataa kuketi ndiye bwana wangu. Amuru, nitatii."

Shekue akamshuku hata yeye. "Warudishie wenzangu ndimi zao, uitafune hati ya Gavana ya kukichukua kisima, kisha nenda zako. Sitaki mtumishi." Jini akatii, na Gavana akabaki kakodoa macho.

Shekue akatoka akicheka kwa furaha, lakini watu wakarudi nyuma.

"Uliketi?" akauliza Maalim.

"Sikuketi."

"Hata wale watatu wangeapa hivyo. Haya, kisima tumpe Gavana?"

"Hapana!"

"Na Mwanakheri utamwacha?"

"Hapana, Maalim, hapana, hata mniue!"

Vigelegele vikapasua anga, na harusi ikaliwa siku saba, na Shekue akatunukiwa mashamba na heshima. Lakini tangu siku hiyo kila alipotoka barazani hakupewa mkono kabla ya kuulizwa. Mwanzoni ilimuuma, baadaye akaelewa kwamba mwenye kusemea watu hana budi kuulizwa na watu, na aliyemhoji kwa ukali kuliko wote alikuwa mkewe.