Kiti cha Mzee Ponsiano

Kisicho na jina hakina kwao.

Ndivyo mlivyomsikia fundi Yusta akimwambia mwenzenu leo asubuhi, alipofungua kazi yake kwenye kompyuta na kukuta kabati zima limechorwa kwa vipande visivyotajwa. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza mimi Atuganile maneno hayo yametoka wapi, kwa kuwa ndimi mkongwe niliyebaki katika karakana hii. Siwalaumu kwa kucheka. Hamkujua kwamba Yusta hawezi kuyasema bila kumkumbuka baba yake. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Karakana hii ilijengwa na Mzee Ponsiano Luvanda, seremala aliyejulikana Mafinga yote. Watoto wake wawili walimfuata kwenye kazi. Remigi, mkubwa, alisomea kuchora samani kwa kompyuta, na alikuwa hodari kwelikweli. Yusta, mdogo wake, ndiye aliyekata mbao kwa kufuata michoro ya kaka yake. Mimi nilishona mito na vitambaa vya viti, kama mnavyoniona mpaka leo.

Kisha kiharusi kikamwangusha Mzee. Upande wa kushoto ukalegea, ulimi ukawa mzito, akawa mtu wa kulala na kutazama dari. Alitaka jambo moja tu: kuketi hapo barazani asikie msumeno na kunusa mbao. Lakini kila kiti tulichomkalisha, aliinamia kushoto mpaka tukamdaka.

Remigi akamwambia, "Baba, nitakuchorea kiti chako mwenyewe."

Mzee akainua mkono wake mzima, akaelekeza stoo. Kulikuwa na ubao wa mninga huko, mpana, mwekundu, ambao alikuwa ameutunza miaka na miaka bila kumwambia mtu anautunzia nini.

"Ule," akasema. "Ule ndio."

Ninyi mnaojifunza kazi hii mnajua kiti kinavyopangwa kwenye kompyuta. Kila kipande huchorwa peke yake na kupewa jina: mguu wa mbele, upau wa kuunganisha miguu ya nyuma, mkono wa kulia. Vipande vinavyokaa pamoja huwekwa katika fungu moja, egemeo kivyake, kikalio kivyake, kisha mafungu yenyewe ndiyo huunganishwa yakawa kiti. Na pau zikifanana, huchori kila mmoja upya. Unachora mmoja na kuutumia kila unapohitajika, ili ukiurefusha huo, wenzake wote warefuke.

Remigi aliyajua hayo kuliko sisi sote. Lakini alikuwa na haraka, na haraka yenyewe ilikuwa ya mapenzi. Shangazi yao alikuwa anakuja Pasaka kutoka Songea kumwona ndugu yake, na Remigi alitaka amkute ameketi barazani kama mwenye nyumba. Basi akachora vipande vyote katika rundo moja, kila kimoja kivyake, vikabaki na namba ambazo kompyuta yenyewe ilivipachika.

"Kaka, nikifungua mchoro wako sijui kipi ni kipi," Yusta alimwambia. "Vipe majina basi."

"Vyote ninavyo kichwani, Yusta. Wewe kata tu."

Kabla Yusta hajakata, alikuja dada mmoja wa hospitali aliyekuwa akimfanyisha Mzee mazoezi ya viungo. Akautazama mchoro, akausifu, ila akashauri kiti kipanuliwe kidogo ili mto wa kumwegemeza upande wa kushoto upate nafasi. Remigi akakaa kwenye kompyuta papo hapo. Akapanua kikalio, akapanua egemeo, akarefusha upau wa mbele. Pau za nyuma zilikuwa zimefichwa na egemeo. Hazikuwa na jina la kumkumbusha, wala hazikuwa zimefungamana na mwenzao wa mbele. Akautazama mchoro kwa mbele, akauona mzuri. Yusta akaukata ule ubao wote, hakikubaki kipande cha maana.

Asubuhi ya kukiunganisha tulimtoa Mzee na kitanda chake mpaka barazani. Alikuwa amenyolewa ndevu, amevaa shati la kanisani. Miguu ya mbele ikashikana na upau wake sawasawa. Mikono nayo ikaingia. Ilipofika zamu ya nyuma, kiti kikakataa. Kwa mbele kilikuwa kipana, kwa nyuma kimebana, na kikalio hakikuingia. Remigi akachukua nyundo ya mbao akaanza kugonga. Yusta akamshika mkono.

"Usigonge, Kaka. Pau za nyuma ni fupi."

Remigi akakimbilia kompyuta, akakizungusha kiti kwenye kioo mpaka akakiona kwa nyuma. Aliporudi barazani uso ulikuwa umembadilika. Mzee akanyoosha mkono, akapewa upau mmoja. Akaupapasa taratibu kwa kidole gumba.

"Hiki kinaitwaje?"

Remigi akautazama ule upau. "Hakina jina, Baba. Sikukipa. Ndiyo maana nilikipita."

"Basi hakina kwao," Mzee akasema.

Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama anakionea huruma kile kipande. Kisha akatugeukia sote, akajikaza ili maneno yatoke vizuri.

"Tieni paini. Nikae."

Yusta akainuka kwenda kutafuta kipande cha paini, mbao rahisi tuliyokuwa nayo tele. Pau mbili tu za nyuma, ambazo hata hazionekani! Ingekuwa kazi ya asubuhi ile ile. Lakini Remigi akamzuia.

"Baba yangu hatakalia kiraka. Ubao wake nimeuharibu mimi, na mninga nitautafuta mimi."

"Kaka, mwenyewe amesema paini."

"Nimesema hapana, Yusta."

Tukamrudisha Mzee ndani. Remigi akasafiri mpaka Tabora kutafuta mninga wenye wekundu ule. Aliupata, na safari hii akakaa akapanga mchoro kama inavyotakiwa, kila kipande na jina lake, kila jina katika fungu lake. Kiti kikatoka kizuri kuliko kiti chochote kilichowahi kupita mikononi mwangu.

Lakini alipokuwa bado njiani, kiharusi kilikuwa kimerudi. Shangazi alimkuta ndugu yake kitandani, hawezi hata kuinua kichwa. Remigi alikiingiza kiti chumbani, akakisogeza mpaka kikagusa kitanda, akauchukua mkono wa kulia wa baba yake akauweka juu ya mkono wa kiti. Mzee akatabasamu nusu ya mdomo. Hakukikalia. Hata mara moja hakukikalia. Tulimzika kabla baridi haijaanza.

Siku ya matanga nilimkuta Remigi amechuchumaa nyuma ya karakana. Nikamwambia, "Pole, mwanangu."

"Aliomba paini, Mama Atu," akanijibu. "Paini tu."

Nikachuchumaa kando yake. Kosa la kwanza lilikuwa dogo, la kipande kilichosahauliwa kwa kukosa jina. Lingerekebishwa kabla ya chakula cha mchana. Lile la pili lilizaliwa na aibu ya lile la kwanza, na hilo halikurekebishika.

Remigi bado anachora, yuko Iringa na familia yake. Kazi yake ni safi, lakini kiti hachori. Mtu akitaka kiti humwelekeza kwa dada yake. Na Yusta, kila mwanafunzi anapomletea rundo la vipande visivyotajwa, husema yale maneno ya kaka yake na baba yake yaliyokutana barazani asubuhi ile. Mafundi wa karakana nyingine wameyachukua, wakayapeleka sokoni, wakayapeleka majumbani, na wengi wanaoyasema hawamjui Mzee Ponsiano.

Ninyi sasa mnamjua. Mwenzenu arudi kwenye kompyuta, akakitaje kila kipande cha kabati lake, na asimnunie fundi Yusta. Kisicho na jina hakina kwao.