Bibi Nakijwa Acheza Mdako na Jumbe

Paukwa! Mbona mwaitika kinyonge? Paukwa! Ehee, hivyo. Basi sogeeni.

Hapo kale, kale ya kale, milima hii ya Upare ikiwa bado haijazoea kukanyagwa, alikuwako bibi mfinyanzi wa vyungu, jina lake Nakijwa.

Mwaka huo jua liliwaka, likawaka, likawaka. Jumbe Sekiete akaamuru uchimbwe mfereji wa kuleta maji kutoka kijito cha juu. Akaongeza: “Ngoma basi. Bao basi. Mtu mzima kazi yake ni kazi.” Watu wakachimba asubuhi, wakachimba mchana, vicheko vikakauka kabla ya visima. Ndugu wawili wa tumbo moja wakainuliana majembe. Kesho yake nusu ya wachimbaji hawakutokea. Mfereji ukalala pale, na watoto kama nyinyi wakalamba midomo mikavu.

Nakijwa moyo ulimuuma. Watu wale aliwajua tangu wakitambaa, akaona kilichochoka si mikono yao. Mchana mmoja akaketi ukingoni mwa mfereji, akafukua kishimo, akatia vijiwe. Rusha, chota, daka! Rusha, chota, daka! Mnaucheza nyinyi, sivyo? Naam, mdako huohuo.

Jumbe akaja mbio. “Bibi, huoni haya? Mvi zote hizo!”

“Mvi ziko kichwani, mwanangu, mikono haina mvi. Keti. Ukinishinda, naacha. Nikikushinda, kila alasiri watu watacheza.”

“Nikushinde upesi nirudi kazini,” akanguruma, akaketi.

Loo! Kijiwe kikamwangukia puani. Akarusha tena, kikamwangukia kifuani. Nakijwa akacheka mpaka machozi. Na Jumbe je? Jumbe, ambaye tangu afiwe na mkewe hakuna aliyeyaona meno yake, akaangua kicheko hata akashika mbavu! Watu wakaacha majembe, wakaja. Wale ndugu wawili nao wakaja, huyu akimshangilia bibi, yule akimshangilia Jumbe, na kabla hawajaukumbuka ugomvi wao walikuwa wakitaniana.

“Nimeshindwa, bibi,” Jumbe akasema akijifuta macho. “Nilidhani nawaongezea muda wa kazi, kumbe nawanyang’anya nguvu.”

Tangu hapo, jua likipinda, ni mdako, mieleka, ngoma. Asubuhi watu wakawahi mferejini kabla ya kuitwa. Waliosusa wakarudi. Na siku maji yalipoteremka, nani alijirusha wa kwanza, na shuka lake, akiwamwagia wazee wenzake? Jumbe Sekiete!

“Bibi, ingia!” akaita. Na Nakijwa, mwanamke yule, akafunga kanga yake vizuri, akaingia.

Wajukuu zangu, mtakua, mtabeba mizigo ya watu wazima. Msije mkaona haya kucheza. Asiyecheza hazeeki peke yake. Huwazeesha na walio karibu naye.

Kisa changu kimefika mlangoni. Aliyekipenda akalale nacho. Asiyekipenda anirudishie, nikipike upya.