Mchicha wa Bi Zamoyoni

Mchicha hukua kwa kuchumwa. Mmeusikia msemo huo asubuhi kwa shangazi yenu, mkaja kuniuliza ni kitu gani hicho kinachoongezeka kwa kupunguzwa. Kaeni basi. Msemo huu ulianza na sauti ndogo.

Tak. Kimya. Tak. Kabla jogoo hajawika, Sikudhani aliisikia ikitoka upande wa pili wa ua. Alikuwa mke mgeni pale kijijini, akadhani ni mwizi. Siku moja akachungulia. Akamwona jirani yake, Bi Zamoyoni, ameinama na kibatari, anavunja vichwa vya mchicha wake mwenyewe na kuvitia katika ungo. Kulipopambazuka, mafungu yote yalikuwa yamekwisha kwenda kwa majirani. Sikudhani akamhurumia. Kwa mwendo ule, mama wa watu angebaki na udongo mtupu.

Mchicha wa kwake mwenyewe, Sikudhani hakuugusa. Mama yake mzazi alikuwa anakuja kumtembelea kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na ndiye aliyewahi kusema mbele za watu kwamba mbegu ikishikwa na Sikudhani hufa kwa hofu. Sikudhani alitaka kumpikia mboga ya mkono wake. Akatia samadi, akamwagilia asubuhi na jioni, mchicha ukapanda hadi kiunoni. Bi Zamoyoni alipopita na kumwambia auchume, alijibu kwa adabu kwamba unamngoja mgeni.

Mgeni akafika jioni. Alfajiri yake Sikudhani akaingia bustanini na ungo, akavunja shina la kwanza. Halikulia tak. Lilipinda, likachunika nyuzi kama kamba. Juu kulikuwa na vishada vya mbegu, na majani yalikuwa madogo, magumu. Akachemsha kidogo, akaonja, akatema. Mama yake alikuwa bado amelala chumbani. Sikudhani akajitanda kanga, akazunguka ua.

Bi Zamoyoni alimsikiliza, kisha akasogeza kibatari kwenye shina moja alilolivunja siku za nyuma. Chini ya kovu, kwenye kila kwapa la jani, kulikuwa na chipukizi.

"Ukivunja kichwa kimoja, hutoa viwili," alisema. "Ukiuacha, huona kazi imekwisha, hukimbilia kutoa mbegu. Si nilikwambia uchume?"

"Nilidhani unaniomba, bibi."

Bi Zamoyoni akacheka hadi akashika kiuno. "Na huu wote, nikuombe wa nini? Haya, vunja. Majani ya chini yaache."

"Nitakumalizia."

"Huumalizi huo, mwanangu."

Mchana mama alikula, akaongeza. Akauliza kama mboga ile aliipanda binti yake. Sikudhani angeweza kuitikia tu. Akasema ni ya jirani, yake imezeeka kwa kulindwa. Mama akafuta bakuli kwa tonge la mwisho.

"Kumbe una jirani wa kumgongea alfajiri," akasema. "Njia nzima nilikuwa naogopa kwamba huna."

Jioni wakaenda wote wawili kushukuru. Bi Zamoyoni aliwasindikiza hadi kwenye ua, akamshikisha Sikudhani ungo mtupu.

"Usiniachie peke yangu, tutazeeka bure, mimi na huu," alisema. "Mchicha hukua kwa kuchumwa. Njoo tena keshokutwa."