Ngano Zilizosafiri Mgongoni mwa Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuoka mikate kama sisi, nyanda za juu zilikuwa na mkuu mmoja, Nyati. Alikuwa na nguvu, wanangu, lakini pia alikuwa na huruma. Mtoto wa jirani akiugua, yeye ndiye aliyempelekea uji.

Mwaka mmoja alivuna ngano yenye punje kubwa ajabu, akaiita Nono. Akaitisha mkutano.

"Tangu leo tunapanda Nono peke yake! Mbegu nyingine zote zichomwe. Sitaki kuona mtoto akilala njaa tena."

Bi Kindi, jirani yake mdogo, akaruka juu ya kichuguu. "Mjomba! Na mbegu alizoniachia bibi je? Kuna nyekundu, nyeusi, yenye ndevu, kipara..."

"Vijipunje vile? Choma!"

"Na Nono ikiugua?"

"Mbuuu! Nono haiugui!"

Kindi akarudi nyumbani, akavitazama vibuyu vyake vya mbegu. Kuzichoma hakuweza. Kumchukia Nyati pia hakuweza.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Nyati alijiandaa kukagua mashamba, asije mtu akapanda mbegu zilizokatazwa. Kabla ya safari alipenda kugaagaa topeni ili nzi wasimsumbue. Kindi akamtangulia. Chaa! Chaa! Akamwaga mbegu zote kwenye tope.

Nyati akafika, akajibwaga. Pwaaa!

"Aa, tope la leo linachoma!"

"Linakukuna mgongo, mjomba," akajibu Kindi, akijikaza asicheke.

Nyati akaenda zake. Katika kila shamba tope lilikauka mgongoni, likadondoka, pu! pu! Kwato zake zikazifukia mbegu. Nono nayo ikaota, ikarefuka, ikazifunika ngano za bibi, zilizokuwa fupi. Hakuna aliyeziona.

Kisha ukaja ukungu, na baada yake ugonjwa wa kutu ya ngano. Vumbi la rangi ya chungwa likaenea kwenye mashina ya Nono. Mashina yakaoza, mashamba yakalala chini.

Nyati akaketi shambani, akalia. "Nimewaponza watoto wa watu, Kindi."

"Inuka, mjomba. Tazama ulipopita."

Katikati ya Nono zilizoanguka, ngano fupi za ile mbegu nyekundu zilikuwa zimesimama, majani yake kijani kibichi.

"Nani kazipanda hizi?"

"Wewe! Kwa mgongo wako." Kindi akamweleza yote, huku akirudi nyuma taratibu.

Nyati akakunja uso. Halafu akacheka, hahahaaa, mpaka machozi yakabadilika maana.

"Ulijuaje kwamba nyekundu ndiyo itakayopona?"

"Sikujua! Ndiyo maana nilipanda zote. Nyeusi imekufa, kipara imekufa."

"Lakini punje zake ndogo, mwanangu."

"Basi tuiozeshe kwa Nono."

Zilibaki Nono chache zenye maua. Kindi akachovya mkia kwenye chavua, ule unga wa maua, ya ile nyekundu, akaipaka kwenye maua ya Nono, fya, fya. Mwaka ule walikula kidogo kidogo, wakagawana. Msimu baada ya msimu walipanda watoto wa ngano hizo mbili, wakaziacha zilizoshikwa na kutu, wakazitunza zilizosimama na kunenepa. Mwisho wakapata ngano yenye punje kubwa ambayo kutu haikuiweza, na Nyati akaamuru kila nyumba iweke mbegu za aina yake, tofauti na za jirani.

Wanangu, msitupe mbegu kwa kuwa ni ndogo. Hamjui ni ipi itakayowalisha kesho.